Mama Kivuli: Miaka Thelathini na Minne ya Kukanyaga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, mtafsiri mkuu wa picha za setilaiti katika Kitengo cha Mabonde ya Mito atafunga droo yake, atakabidhi funguo mbili na kustaafu, baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na moja. Mwandishi wa wasifu huu amezihesabu siku hizo mara tatu kwenye jalada lake. Anamfahamu mwenye jalada. Ingepungua au kuzidi hata siku moja, angeiona kabla keki haijakatwa.

Jalada hilo lina jina lake kamili, ambalo hutumiwa na mhasibu peke yake. Sisi wengine tunamwita Mama Kivuli. Wageni wakilisikia hudhani ni mtu wa kutisha, kumbe maana yake ni nyepesi. Mpelekee picha yoyote ya mlima iliyopigwa kutoka angani, na kabla hajauliza ni ya mwaka gani wala ya bonde lipi, atakuuliza: "Kivuli kimelalia wapi?" Amewauliza hivyo wakurugenzi wanne na wahandisi wasio na idadi. Mumewe anasema aliwahi kuuliza hivyohivyo alipoonyeshwa picha za harusi ya jirani.

Wenzetu wa vitengo vingine hupita mlangoni kwetu wakidhani tunatazama televisheni, kwa hiyo ni vizuri kueleza kwa ufupi kazi aliyoifanya. Setilaiti hupita juu ya milima yetu kila baada ya siku kadhaa, majira ya saa nne asubuhi, na kupiga picha. Sisi huchukua picha ya zamani na picha mpya ya bonde lilelile, tukaziweka sambamba, tukatafuta palipokuwa msitu na sasa ni shamba, palipokuwa shamba na sasa ni nyumba, na kingo za mito zilizobaki tupu. Hufanya hivyo kwa sababu mlima ukivuliwa nguo kule juu, aibu yake hufika huku chini bombani. Anayefungua maji jikoni yakatoka ya rangi ya chai hana haja ya ramani kujua kuna jambo. Lakini anayetaka kujua jambo lenyewe limeanzia mteremko gani, huyo amekuwa akija chumba namba tisa, kwenye meza ya Mama Kivuli, dirisha la pili.

Alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, kwa kibarua cha miezi mitatu cha kuchora. Kibarua hicho ndicho kinachoisha leo. Enzi hizo picha zilikuja kwenye karatasi kubwa kama shuka, zimeviringishwa ndani ya mikebe ya bati. Zilitandazwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na mchoraji akapitisha penseli juu ya karatasi nyembamba: kijani kwa msitu, manjano kwa shamba, buluu kwa mto. Taa ile ilikuwa na joto. Miezi ya baridi wafanyakazi wa masijala walikuwa wakija kuegemea meza yake kwa kisingizio cha kutafuta majalada, naye aliwaacha, mradi wasiegemee juu ya mto.

Hapo ndipo mumewe alipoingia katika historia ya kitengo hiki, ingawa hajawahi kuajiriwa nasi. Ni fundi saa. Alipoona mchumba wake anarudi nyumbani macho mekundu kwa kutazama vijito vyembamba kama nywele, alimpa kioo chake cha kukuzia, kile kidogo kinachobanwa jichoni. Hupenda kutamba kwamba wao ndio wachumba pekee mjini waliochunguzana kwa kioo na bado wakaoana. Kioo hicho bado kipo. Kimefungwa uzi mweusi, na hakuna aliyewahi kuazimwa.

Kompyuta zilipoletwa, baadhi ya wakubwa wake walinuna, na mmoja akaomba uhamisho. Mama Kivuli alikuwa amekaribia miaka arobaini. Alivuta kiti, akakaa karibu na msichana wa mafunzo aliyekuwa na nusu ya umri wake, akajifunza mwezi mzima huku akiandika kila kitu kwenye daftari la shule. Mwisho wa mwezi alitoa hukumu ambayo bado inanukuliwa chumba namba tisa: "Hii ni penseli tu, ila ina kiburi." Alimaanisha kwamba penseli ikifika mahali isipopajua husimama. Kompyuta haina aibu. Kila kijiraba cha picha itakipa jina, kiwe msitu, shamba au maji, hata kama haijui kitu.

Kuna kisa ambacho asingetusamehe tukikiacha. Picha zetu nyingi hazionyeshi rangi tunazoziona kwa macho. Setilaiti huona mwanga ambao jicho halioni, na kwenye picha hizo majani mabichi hutokea mekundu. Siku moja alikuja mgeni mkubwa kutoka makao makuu, akaonyeshwa ukutani mlima wenye msitu mzito kuliko yote, mwekundu kuanzia kileleni hadi miguuni. Mgeni aliruka kitini akifoka kwamba mlima mzima unaungua na ofisi nzima imekaa inakunywa chai. Watu walijiuma midomo. Mama Kivuli peke yake ndiye aliyebaki na uso mkavu. Alimsogezea mgeni kikombe akasema, "Karibu chai, mzee. Moto huu ukizimika ndipo tutakapolia." Mgeni alipoelezwa alicheka hadi akatoa leso. Mwaka uleule kitengo kilipata gari jipya, na wapo wanaoamini mambo hayo mawili yana uhusiano.

Gari hilo, pamoja na dereva wake tunayemwita Gia Moja kwa namna anavyopanda milima, ndilo lililompa nafasi ya kuanzisha desturi anayotuachia. Desturi hiyo ni kukanyaga. Kwa Mama Kivuli, hakuna badiliko linaloandikwa kwenye ramani mpaka miguu ya mtu imesimama mahali penyewe. Alinunua daftari kubwa la jalada gumu. Kila ramani ina ukurasa wake, kila badiliko lina mstari wake, na safu ya mwisho ina neno moja na alama ya kuuliza: Imekanyagwa? Alama ya vema huwekwa hapo baada ya mtu kwenda na kurudi. Awe na matope au vumbi shauri yake, mradi ametoka huko.

Wapo waliomwona anapoteza muda. Kisha kompyuta ikatangaza kwamba kando ya mto mmoja wa juu kabisa kumezuka machimbo ya mawe, kipande cheupe kinachong'aa. Barua kali ya kuwaonya wachimbaji ilikuwa imeshapigwa chapa. Mama Kivuli akapanda na Gia Moja siku nzima, wakakuta mahema ya nailoni nyeupe, safu kwa safu, ya mkulima wa nyanya. Alirudi na matope hadi magotini na kreti mbili za nyanya mkononi mwa dereva, akaziweka juu ya ile barua kali. "Machimbo yenyewe," akasema, "yameiva."

Wahenga husema mwenye macho haambiwi tazama. Yeye ameusahihisha usemi huo: mwenye macho huambiwa tazama tena.

Daftari lile lina upande wa pili. Ukiligeuza na kulifungua kuanzia nyuma, utakuta kurasa zenye kichwa alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: Makosa Yetu. Kila kosa lililotoka nje ya chumba namba tisa huandikwa humo kwa wino, pamoja na jina la aliyelifanya. Halifutwi wala halipakwi cheupe. Mkuu wa Kitengo wetu yumo mara tatu na husema hivyo mwenyewe kwa wageni. Gia Moja yumo mara moja, kwa kuwapeleka wapima ardhi wanne kwenye mlima ambao sio. Wote tumo. Tangu daftari lifunguliwe jina la Mama Kivuli halikuwamo, na ndiyo maana ofisi ilikuwa imemwandalia Cheti cha Utumishi Usio na Doa, ambacho tangu kuanzishwa kwake kimetolewa kwa watu watatu tu. Cheti kilikuwa kimeandikwa na fremu yake kununuliwa.

Kisha mwezi wa pili mwaka huu jina lake likaingia. Mstari huo unasema: Mteremko unaotazama machweo, bonde la juu. Kivuli kimehesabiwa kuwa msitu. Kaya thelathini na nane zimeandikiwa notisi bila haki. Halafu jina lake. Cheti kikaondolewa kwenye ratiba ya leo, fremu ikarudishwa stoo. Wengi wenu mmeusoma mstari huo, na minong'ono imefika hadi kantini, kwamba hata Mama Kivuli uzeeni kivuli kimempiga chenga. Wasifu huu hauwezi kupita kando ya jambo hilo kimyakimya, kwa sababu kila kilichoandikwa kwenye mstari ule ni kweli isipokuwa jina.

Mwezi ule Mama Kivuli alikuwa likizo ya siku kumi. Mumewe, fundi saa, alikuwa anafanyiwa upasuaji wa macho, na mwenye kumwongoza kutoka kitandani hadi bafuni alikuwa mkewe. Huku ofisini kamati ya bonde, yenye mamlaka ya kutoa notisi za kuhama, ilikuwa inakutana Ijumaa saa saba, na ilitaka ramani ya mabadiliko ya miaka kumi na minane. Kazi ya kuchagua picha mbili za kulinganisha, ya zamani na ya sasa, aliachiwa karani wa kitengo, aliyekuwa na miezi saba kazini.

Kwenye kompyuta ya karani huyo kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa na Mama Kivuli kwa mkono wake: Mwezi kwa mwezi. Maana yake, picha ya mwezi wa saba ilinganishwe na ya mwezi wa saba. Kuna miezi jua huinama, na saa nne asubuhi setilaiti inapopita, mteremko unaotazama machweo huwa bado uko kivulini. Katika picha kivuli hicho ni cheusi, kizito, na kompyuta, kwa kiburi chake, hukiita msitu. Karani alikisoma kikaratasi kile kila siku. Lakini picha ya zamani ya mwezi uliotakiwa ilikuwa imejaa mawingu, na ya mwezi mwingine ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Akachagua iliyo safi. Hivyo picha ya zamani ikawa na kivuli, picha ya sasa ikawa na jua, na ramani ikasema kwamba hekta mia mbili na kumi na mbili za msitu zimefyekwa na watu wa mteremko ule.

Hata hapo daftari lingeokoa mambo. Mahali sita palitakiwa kukanyagwa. Mahali patano palikanyagwa. Pa sita, yaani mteremko wenyewe, hapakufikika, kwa kuwa mvua ilikuwa imeondoka na daraja. Safu ya mwisho ilikuwa wazi. Ijumaa, saa sita kasoro robo, Mkuu wa Kitengo alisimama mlangoni na koti begani akauliza kama yote yamekanyagwa. Karani aliweka alama ya vema, akajibu, "Ndiyo, mkuu."

Karani huyo ni mimi.

Naomba radhi kwa kujiingiza katika wasifu wa mtu mwingine. Nimejaribu kuuandika mara nne bila aya hii, na kila mara ulitoka kuwa wasifu wa uongo. Nilikuwa na hofu ya kuonekana sijamaliza kazi, na sina sababu nyingine ya kuwapa.

Mama Kivuli alirudi likizo Jumatatu ya pili. Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye ushoroba, na notisi za kuhama ndani ya siku thelathini zilikuwa zimeshapanda mlimani. Alisimama mbele ya ramani na mkoba bado begani, akabana kioo cha mumewe jichoni. Aliingia ndani, akafungua faili za picha, akatazama tarehe, kisha akatoka kumtafuta Gia Moja. Daraja lilikuwa bado halijarudi. Waliacha gari ng'ambo, wakavuka mto kwa miguu, maji kiunoni. Ana miaka hamsini na tisa, na goti lake la kushoto sote tunalijua.

Yaliyotokea kule nimeyapata kwa Gia Moja, ambaye hupenda kutia chumvi, lakini daftari linamuunga mkono. Walikuta matuta ya mawe yaliyoota majani mafupi kama manyoya, kazi ya mikono ya watu wa miaka mingi. Walikuta nyumba, na mlangoni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na notisi mkononi, ambaye alipoambiwa ni watu wa ofisi ya ramani hakuwakaribisha kiti. "Huo msitu mnaosema nimeufyeka, mama," alimwambia Mama Kivuli, "hebu nionyeshe ulipokuwa na mimi nikachukue kuni. Maana kuni nazifuata mwendo wa saa mbili."

Mama Kivuli alimwomba samahani kwanza. Kisha akaona mwimo wa mlango. Ulikuwa na mikato ya kisu kuanzia chini hadi usawa wa kichwa, na kila mkato una mwaka pembeni yake. Pale ndipo familia ile ilipopimia urefu wa watoto wake. Mkato wa chini kabisa ulikuwa wa mume wa yule mama, siku alipoanza kusimama, miaka thelathini na sita iliyopita. Juu yake wapo mawifi zake, na juu yao watoto wake mwenyewe. Mlango ule ulikuwa umesimama pale, katikati ya mashamba yake, miaka kumi na minane kabla ya picha tuliyoiita ya msitu. Mama Kivuli aliupima mkato mmoja mmoja kwa futi kamba, akaupiga picha, akaandika.

Wiki iliyofuata kamati ya bonde ilikutana tena. Alieleza kwa dakika kumi na moja, bila kupandisha sauti, jinsi jua linavyoinama na kivuli kinavyodanganya, akaweka mezani picha ya mwimo wa mlango. Mwenyekiti aliuliza swali moja: nani aliweka alama kwamba mteremko huu umekanyagwa? Nilikuwa nimesimama nyuma nimeshika majalada. Mama Kivuli hakugeuka nyuma. Alisema, "Daftari ni langu, mheshimiwa. Andikeni jina langu." Aliporudi chumba namba tisa aliliandika mwenyewe. Notisi zote thelathini na nane ziliondolewa siku hiyohiyo, na kaya zile ziko kwao mpaka leo. Cheti chake kikaenda stoo.

Nilinyamaza miezi minne. Nilijikaza kisabuni, nikamsalimia kila asubuhi, naye akanijibu kila asubuhi na kunifundisha kama jana yake. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, eti kwa kuwa nina mwandiko mzuri na nilisoma lugha, ndipo niliposhindwa. Nilipiga moyo konde nikaenda dirisha la pili. Alikuwa anapanga penseli zake za rangi kwenye kopo. Nikamwambia.

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Alama yako ya vema ina mkia kama mjusi. Nani mwingine ana alama ya namna hiyo humu?"

Nilimuuliza mbona hakunitaja. Alisema kwamba angenitaja siku ile ningefukuzwa kabla ya jioni, na kitengo kingebaki na kiti kitupu na mtu ambaye hajajifunza kitu. Tena kosa la mtu, alisema, halisemwi na mwenzake, hulisema mwenyewe likiiva. Nilidhani amemaliza. Akanitazama juu ya miwani. "Haya, umeshakwenda kukanyaga?"

Sikuwa nimekwenda. Basi wiki mbili zilizopita safari yake ya mwisho ya kikazi ikawa ni kunipeleka mimi. Daraja limejengwa upya, na Gia Moja alipanda kwa gia yake. Yule mama alikuwa mlangoni, mtoto sasa anatembea. Mama Kivuli alikaa kwenye kiti alichopewa safari hii bila kuomba, akaniacha nijieleze. Nilijieleza. Yule mama alinitazama tangu viatu hadi kichwani.

"Kumbe ni wewe uliyenipa msitu," akasema. "Njoo hapa. Simama."

Alinisimamisha kwenye mwimo wa mlango, mgongo umenyooka, akachukua kisu cha jikoni akakata juu ya kichwa changu, akachora mwaka. Watoto walikuja kutazama wakaanza kuguna, kwa sababu mkato wangu ulikuwa vidole viwili chini ya ule wa binti yake wa darasa la saba. Gia Moja alicheka hadi akakaa chini. "Sasa umekanyaga," yule mama akaniambia. "Siku nyingine ukitazama huko juu kwenye mashine yako, ujue kuna mtu hapa mlangoni anakutazama."

Tuliporudi nilifungua daftari. Nilitaka kulifuta jina lake, akanipiga kofi la mkononi kama alivyowapiga walioegemea mto kwenye meza ya kioo. Makosa Yetu hayafutwi, yanaongezewa. Chini ya mstari wake nimeandika kwa wino: Jina lililo juu si la aliyekosa. Aliyekosa ni karani. Kisha nikaandika jina langu kamili. Ijumaa iliyopita nilimpelekea Mkuu wa Kitengo barua, pamoja na wasifu huu kabla haujaenda kwa mpiga chapa. Aliusoma mara mbili amesimama. Aliniambia niupeleke kama ulivyo, cheti kitolewe stoo, na mimi nifike ofisini kwake Jumatatu ijayo saa mbili kamili. Nitafika saa moja na nusu.

Kwa hiyo, wenzangu, cheti mtakachosikia kikisomwa leo alasiri hakikutolewa kwa huruma. Ni haki yake, na ilichelewa kwa sababu yangu. Nanyi mliokuwa mkinong'ona kantini, chakula ni kilekile, badilisheni maneno.

Kuhusu zawadi, kamati ya maandalizi ilipendekeza saa ya ukutani, kama ilivyo kawaida. Mama Kivuli alikataa mapema: "Saa ninazo mia mbili nyumbani, na hakuna mbili zinazokubaliana." Ameomba viatu vya kupandia mlima, namba thelathini na tisa. Macho ya fundi saa yamepona, na anasema amemwoa mwanamke miaka thelathini na miwili, naye hajawahi kuiona milima ambayo mkewe alikuwa akiizungumzia mezani. Wataanzia bonde la juu. Hawatachukua ramani.

Mama, kitengo kinakushukuru kwa mito iliyobaki safi kwa sababu ulitazama tena. Wahandisi wanakushukuru kwa hasira ulizowaepusha nazo, na mkulima wa nyanya ametuma kreti nyingine, iko mapokezi. Kaya thelathini na nane hazikuja leo kwa sababu ni msimu wa palizi, lakini salamu zao nimezibeba mwenyewe. Nami nakushukuru kwa siku ile uliyosimama mbele ya kamati bila kugeuka nyuma.

Tunakuombea goti lenye nguvu, mwenzi mwenye macho mapya, na asubuhi nyingi za saa nne zisizo na wingu. Ukifika mlango ule wa bonde la juu, simama kwenye mwimo nawe upimwe. Safari yako hiyo ina mstari wake daftarini, safu ya mwisho tumeiacha wazi, na alama ya vema nitaiweka utakaporudi.